Nimenunua ndege iliyoundwa na mtu gereji. Naruhusiwa kuikagua mwenyewe?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Marekani, nimenunua ndege ya viti viwili ambayo muuzaji aliiunda nyumbani. Ananiambia ndege za daraja la majaribio (experimental), kama hizi za kuundwa nyumbani, hazina masharti, nitaitengeneza na kuisaini mwenyewe. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Kuitengeneza, ndiyo. Sehemu ya 43, inayohusu matengenezo, katika kanuni za FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani) haiibani ndege ya aina hiyo, kwa hiyo unaweza kubadilisha matairi, plagi, hata kufungua injini, bila leseni ya ufundi. Kusaini ni habari nyingine. Kila miezi 12 ndege hiyo lazima ifanyiwe ukaguzi wa hali yake, na anayeweka sahihi ni mtu aliyepewa mamlaka hayo, kwa kawaida aliyeiunda akiwa na cheti cha kuikagua ndege hiyohiyo, au fundi mwenye leseni ya fremu (mwili wa ndege) na injini. Kumiliki tu hakutoshi. Cheti cha muuzaji ni chake, hakikufuati wewe.

Kabla ya kushika spana, tafuta karatasi za masharti ya uendeshaji zilizotolewa pamoja na cheti cha ndege. Hizo ndizo sheria yako, na zinatofautiana kati ya ndege na ndege. Zikikosekana, usiruke.

Ingawa Sehemu ya 43 haiibani ndege hii, masharti hayo hutaka ukaguzi wenyewe ufuate upeo wa Kiambatisho D chake, yaani orodha ya vitu vya kukagua, na naomba usiufanye kwa haraka. Fungua vifuniko vyote, safisha injini, pima mgandamizo wa silinda. Kata kopo la filta ya oili, kunjua karatasi yake, ikamue, kisha pitisha sumaku. Vipande vya chuma vitanasa. Vya alumini havinasi, hivyo vitafute kwa macho kwenye mwanga mkali. Halafu kagua bomba la moshi, hasa pale linapopita ndani ya kikasha cha kupashia kabini joto. Ufa mdogo hapo unamletea rubani kaboni monoksidi, nayo haina harufu. Mimi sikubali kuangalia sehemu hiyo bila kukivua kikasha.

Kazi nyingi kati ya hizo fanya wewe, fundi akiwepo. Utaijua ndege yako. Ila ukitaka kubadilisha aina ya propela, soma masharti kwanza: badiliko kubwa huirudisha ndege kwenye kipindi cha kurushwa kwa majaribio, mara nyingi kwa saa 5 au zaidi, bila abiria.