Ile ligi ya Wales Kusini iliishia wapi?

Ndugu, umeuliza kama Welsh Football League bado ipo. Haipo, ilifungwa 2020. Ilizaliwa 1904 kwenye bonde la Rhymney, huko kwa wachimba makaa ya mawe, ikiitwa Rhymney Valley League. 1909 ikawa Glamorgan League, na 1912 ndipo ikachukua jina unalolijua. Wales nzima haikuwa na ligi ya taifa mpaka 1992, kwa hiyo kwa miaka mingi hii ya kusini ndiyo ilikuwa kilele kwa timu za ridhaa za kule. Wenye hela walivuka kucheza Uingereza, ndiyo maana Cardiff na Swansea wako huko hadi leo.

Mimi hapo napenda kisa cha Barry Town, timu ya huko huko kusini mwa Wales. 2001 waliifunga Porto 3-1 nyumbani, Jenner Park, kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa (ugenini walishapigwa 8-0, tusiseme sana). 2013 mwenye timu akaiondoa ligini msimu haujaisha. Mashabiki wakataka kuendelea, chama cha soka cha Wales kikapiga kura 15 kwa 14 kuwakatalia. Wakaenda mahakamani Cardiff, wakashinda! Wakaanzia daraja la tatu la ligi hii hii, na 2017 wakarudi ligi kuu.

2019 chama kilianzisha ligi mpya, Cymru South, ikachukua nafasi ya daraja la juu la ligi hii. Yaliyobaki yakarithiwa na ligi za Ardal, neno la Kiwelishi lenye maana ya eneo.