Mume wangu hutetemeka kila ajapo likizo kutoka Juba: ni malaria au ni pombe?

Swali: Daktari, mume wangu ni fundi wa jenereta mjini Juba. Hukaa kambini wiki nane pamoja na Wazungu, Wafilipino na Wakenya wenzake, kisha huja likizo Kisumu wiki mbili. Kila likizo, kufikia siku ya pili, mikono humtetemeka, hutokwa na jasho usiku na hukataa chakula. Tukipima malaria, haionekani. Ameniambia kwamba huko hunywa bia nne na whisky kidogo kila jioni kama watu wote wa kambi, ila nyumbani haonji kwa kumheshimu mama yake. Sasa amepata mkataba wa Kuwait, na anaamini kwamba kwa kuwa pombe ni marufuku huko, ataacha bila tiba. Je, inawezekana? (Msomaji, Kondele)

Jibu: Dada, kwa kuwa dalili hizo hurudi kila likizo na katika siku zile zile, ninaamini zinatokana na mwili uliozoea pombe kuikosa ghafla. Endeleeni kupima malaria, kwa sababu Juba na huku kwetu kando ya ziwa ugonjwa huo upo na mtu anaweza kuwa na yote mawili, lakini kipimo kisipoonyesha vimelea msimpe dawa za malaria kwa kubahatisha. Muulize kwa upole kama huko kambini kuna asubuhi ambazo mikono humtetemeka mpaka atoe loki, yaani anywe tena kidogo ili atulie. Mtetemeko unaotulizwa na chupa moja ya bia si wa malaria.

Tukihesabu anachokunywa, bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za pombe halisi, yaani takriban gramu 20, na bia nne ni gramu 80. Whisky ya asilimia 40, hata akijimiminia mililita 100 tu, huongeza gramu 32 hivi. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unamshauri mtu asizidishe yuniti 14 kwa wiki, na yuniti moja ni gramu 8, kwa hiyo kiwango chote cha wiki ni gramu 112. Mumeo hukimaliza kwa jioni moja. Ini la mtu mzima huondoa kati ya gramu 7 na 10 kwa saa, na kwa hivyo akianza kunywa saa kumi na mbili jioni anaweza kuingia kazini saa moja asubuhi pombe ikiwa bado imo damuni, kisha jioni ile ile aongeze nyingine.

Sidhani kwamba anakudanganya anaposema kuwa watu wote hunywa hivyo. Kambi za wafanyakazi wa kigeni zina hali yake: lango hufungwa mapema kwa sababu za usalama, familia ziko mbali, na baa iko hatua chache kutoka mlango wa chumba. Watu watano wakiketi meza moja na kila mmoja akanunua raundi yake, kila mmoja amekunywa chupa tano kabla ya kuamua lolote. Hata vipimo vyao havilingani, kwani kinywaji kimoja cha kawaida kwa Mmarekani ni gramu 14 za pombe na yuniti ya Mwingereza ni gramu 8, ilhali Shirika la Afya Duniani hutumia gramu 10. Huku kwetu magharibi busaa ilinywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, na waliokizunguka walikuwa majirani na jamaa waliojua nani amezidisha na nani anasubiriwa na watoto. Kambini hakuna anayekujua kiasi hicho, na waajiri wanaofungua baa ndani ya kambi bila kuweka mshauri wa afya wanastahili kulaumiwa pia.

Sasa nije kwenye hatari yenyewe. Pombe hupunguza kasi ya ubongo, na ubongo unaolemewa kila siku huongeza nguvu zake za kuchangamka ili kujisawazisha. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili: mmoja akiondoka ghafla, mwenzake huanguka. Mtetemeko, jasho na kichefuchefu huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Kifafa, kikitokea, huja mara nyingi ndani ya saa 48 za kwanza. Na kati ya siku ya pili na ya nne wachache huweweseka, wakaona vitu visivyokuwepo, wakapanda joto na moyo ukaenda mbio. Hali hiyo ya mwisho huua isipotibiwa. Kwamba likizo zilizopita zilipita salama si dhamana, kwa sababu kila anapoacha ghafla upya, dalili zinaweza kuwa kali kuliko za awali.

Kwa hiyo asiache pombe peke yake nyumbani. Apelekwe hospitalini, ikiwezekana ile ya rufaa, na aseme wazi ni lini alikunywa mara ya mwisho na kiasi gani. Kwa kawaida hupewa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, inayopunguzwa hatua kwa hatua kwa takriban wiki moja, pamoja na vitamini B1, ambayo inapaswa kutangulia dripu ya glukosi, kwa kuwa glukosi ikitangulia kwa mtu aliyepungukiwa na vitamini hiyo inaweza kumdhuru ubongo. Usimnunulie diazepamu dukani, kwani ikichanganyika na pombe inaweza kumzuia kupumua.

Kuhusu Kuwait, marufuku haitamponya. Akiondoka Juba akiwa anakunywa kama sasa, kifafa kinaweza kumpata ndani ya ndege au katika wiki ya kwanza ya kazi, mahali ambapo ataogopa kumweleza daktari ukweli kwa kuhofia sheria. Na pombe ya magendo ipo huko pia: Agosti 2025, wafanyakazi wa kigeni kutoka Asia walikunywa pombe yenye methanoli, aina ya pombe iliyo sumu, nchini humo, na wizara ya afya ikatangaza vifo 23, huku wengine wakipoteza uwezo wa kuona. Methanoli huanza kudhuru saa nyingi baada ya kunywewa, mnywaji akidhani ni uchovu wa ulevi wa jana.

Ningependa aahirishe safari hiyo mpaka amalize matibabu na akae miezi kadhaa bila kinywaji akifuatiliwa na mshauri. Zungumza naye asubuhi, mkiwa wawili tu, mbali na masikio ya mama mkwe, ukianza na mtetemeko ambao yeye mwenyewe anauona badala ya kuanza na lawama. Akikataa kuja hospitalini, NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina simu ya bure, nambari 1192, na wewe pia unaweza kuipiga. Lakini akipatwa na kifafa, akianza kuweweseka au akishindwa kukutambua, usisubiri akubali: mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo.