Uvimbe chini ya sikio hauumi, niuache tu?

SWALI: Dokta shikamoo. Mi nina kauvimbe chini ya sikio la kushoto, pale taya linapokata kona, kana karibu mwaka sasa. Hakaumi ila naona kama kanakua polepole. Mwanzo nilidhani machubwichubwi, sasa shemeji yangu aliwahi kuwa na jiwe la tezi ya mate anasema hata yangu ni hilohilo, ninyonye ndimu litatoka lenyewe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Shemeji yako ana nia nzuri ila anaongelea la kwake. Jiwe lina tabia yake, ukianza kula tu tezi inavimba na kuuma, baada ya muda inanywea, mlo unaofuata tena hivyohivyo. Na mara nyingi linakaa kwenye tezi ya chini ya taya, maana mate ya huko ni mazito halafu mrija wake ni mrefu na unapanda juu. Hapo ndo ndimu, maji mengi na kukanda vinasaidia. Machubwichubwi nayo hayakai mwaka mzima!

Wako haujali umekula au hujala, upo tu na unakua. Hiyo tezi ya karibu na sikio, parotidi, ndo inaota uvimbe kuliko tezi zingine zote za mate, na uzuri ni kwamba kama asilimia 80 ya uvimbe wa hapo sio kansa. Ila kutouma kusikudanganye, kansa za tezi hizi nyingi zinaanza kimyakimya, na hata ule uvimbe wa kawaida kabisa usio kansa, adenoma ya pleomofiki, ukiachwa miaka na miaka unaweza kugeuka kuwa kansa.

Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, utapigwa ultrasaundi halafu watavuta chembechembe kwa sindano nyembamba. Usikubali mtu akutumbue kama jipu tafadhali, mshipa wa fahamu wa uso unapita katikati ya hiyo tezi, ukikatwa mdomo unaenda upande, na adenoma ikipasuka chembe zake zinamwagika na baadae uvimbe unarudi, tena sehemu kadhaa.

Na ukiona uso unalegea upande huo, jicho halifumbi vizuri, uvimbe umekuwa mgumu hausogei ukiugusa au matezi yametokea shingoni, usisubiri tarehe ya miadi, wahi hospitali.