Klabu saa tisa, chuo saa kumi

MUULIZE MWALIMU
Maswali ya wazazi na wanafunzi wa sekondari, Tanga. Anayejibu ni mwalimu mstaafu aliyekuwa mlezi wa klabu za mdahalo na mazingira.

*Assalaam alaykum Mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya kata huku Mabokweni. Tangu ajiunge na klabu ya mdahalo, kila Alhamisi anafika nyumbani saa kumi na mbili jioni na chuo cha Kurani kimeshampita. Ustadhi amelalamika zaidi ya mara moja. Baba yake anasema aache, Novemba kuna mtihani. Mwenyewe analia, anasema shuleni hana kitu anachokipenda kama hicho. Tufanyeje?*
Mama wa Mabokweni

Waalaykum salaam, mama. Nakuomba wewe na baba yake msimtoe kwanza. Nendeni shuleni mkaulize mambo mawili tu: kipindi cha mwisho kinakwisha saa ngapi, na mdahalo unaanza saa ngapi.

Shule za pembezoni mwa jiji letu nazijua. Vipindi vinakwisha kati ya saa nane na saa tisa. Baada ya hapo usafi. Baada ya usafi, watoto wanakaa. Wanamsubiri mwalimu mlezi atoke kwenye kikao, wanamsubiri mwenye ufunguo wa bwalo, wanawasubiri kidato cha nne wamalize masomo ya ziada. Mdahalo uliotangazwa saa tisa unaanza saa kumi, na hapo ndipo watoto wenzake wanaingia chuoni na juzuu zao. Sasa tuupigie hesabu mdahalo wenyewe. Wasemaji 2 kila upande, dakika 5 kila mmoja, hizo ni 20. Maswali na michango ya ukumbini, dakika 15. Majumuisho, dakika 3 kila upande. Jumla dakika 41. Ukianza saa tisa kamili, saa kumi kasoro robo binti yuko njiani. Muda unaowagombanisha na ustadhi unaliwa na kusubiriana, si na mdahalo.

Jambo hili naliona kubwa, na niliposimama mbele ya wakuu wa shule nililisema hivihivi: saa ya klabu ndiyo inayochagua wanachama. Klabu ikianza saa kumi jioni, anayebaki ni mvulana, tena wa jirani na shule, asiye na mdogo wa kumpokea nyumbani, ambaye mama yake hangoji mtu wa kumsagia mchele wa vitumbua vya asubuhi. Msichana anayepanda daladala anaondoka, na anayekwenda chuo anaondoka naye. Mwezi wa pili utawaona wasichana wamejaa mabenchi ya mbele; ikifika likizo ya Juni wamepukutika, halafu mtu anasimama ofisini anasema wasichana hawapendi mdahalo. Wanaupenda. Wamefungiwa nje na saa.

Kwa hiyo semeni na shule, na msiende peke yenu. Tafuteni wazazi wengine watatu au wanne wenye shida hiyo hiyo, muiombe bodi au kamati ya wazazi jambo moja lililo wazi: klabu ziingizwe kwenye ratiba, ndani ya saa za masomo, siku moja ya wiki. Zipo shule zinazofanya hivyo na vipindi havijaporomoka. Ikishindikana, basi siku ya klabu usafi ufanywe asubuhi, na mdahalo uanze kengele ya mwisho ikigongwa, hata kama kiti cha mgeni rasmi ni kitupu.

Kwa ustadhi, nenda mwenyewe, mama, usitume mtoto. Mwombe somo la Alhamisi lilipwe Jumamosi asubuhi. Mweleze binti anajifunza nini. Ustadhi anayefundisha watoto kusoma kaswida mbele ya kadamnasi siku ya maulidi anafahamu thamani ya mtoto asiyetetemeka mbele ya watu.

Kwa baba, hofu yake ya mtihani ni ya haki. Asiyefaulu upimaji wa kidato cha pili anarudia mwaka, na hakuna mzazi anayeipuuza hiyo. Lakini amwangalie binti akijiandaa. Akipewa mada ya kuwa shule za bweni ni bora kuliko za kutwa, inabidi asome, apange hoja tatu, na abashiri mwenzake atampinga wapi. Hiyo ndiyo kazi ya swali la insha katika Historia. Pendekezo langu: aendelee mpaka mwisho wa Septemba. Kuanzia Oktoba apumzike, arudi Januari akiwa kidato cha tatu. Na siku yoyote mdahalo utakapopitiliza saa kumi na nusu, aage atoke. Mwalimu mlezi aliye makini atampa ruhusa bila maneno.

Siku moja, baba yake akipata nafasi, akae nyuma ya ukumbi asikilize. Atamkuta mtoto wake ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne, sauti ya kwanza haitoki, ya pili inatoka: “Mheshimiwa mwenyekiti, jopo la majaji, mtunza muda makini, wasemaji wenzangu…” Salamu hiyo ndefu kazi yake ni kumpa mtoto sekunde za kuvuta pumzi. Ikifika hoja ya pili karatasi imeshuka, haitazami tena.

*Shikamoo Mwalimu. Tuko 9, kidato cha tatu, shule yetu iko upande wa Sahare. Tunataka klabu ya mazingira. Mkuu wa shule anasema tulete kwanza mlezi na mpango. Walimu wawili wametukatalia, wanasema mzigo umewazidi. Pesa hatuna. Tuanzie wapi?*
Wanafunzi 9

Marahaba wanangu. 9 si wachache. Mwaka 1991, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alianza Roots & Shoots, mpango wa vikundi vya vijana wa mazingira, hapa hapa Tanzania, Dar es Salaam, na wanafunzi 12. Leo vikundi vyake viko nchi nyingi.

Walimu msiwalaumu. Ukimwambia mwalimu “tunaomba uwe mlezi wetu”, anaziona Jumamosi zake zote zikiondoka. Mpelekee karatasi yenye kazi moja, mahali pamoja, tarehe moja. Mwambieni: tunaomba utusimamie siku hii tu. Na mfuateni mwalimu wa Baiolojia, kwa sababu kazi ninayowapendekezea ni somo lake la ikolojia.

Mko Sahare, bahari iko mlangoni. Pandeni mikoko. Haihitaji kitalu wala viriba, wala kumwagilia. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini. Mtaiona inaning'inia, ndefu, ya kijani, ncha imeelekea chini. Iliyokomaa ina shingo ya manjano pale inapokutana na kofia yake, na ukiigusa inaachia. Inayong'ang'ania iacheni, bado. Chagueni zilizonyooka zisizo na matundu ya wadudu. Ichomekeni kwenye tope, ncha chini, theluthi moja iingie, na kati ya mche na mche muache kama mita moja.

Mahali pa kupanda ndipo wengi wanapoharibu. Watu hupenda uwanda ulio wazi kwa sababu panapigika picha nzuri. Uwanda ulio wazi mara nyingi una sababu yake: mawimbi yanapiga moja kwa moja, au pamefunikwa na maji muda mrefu mno, au pana nyasi za bahari ambazo nazo ni makazi ya samaki, hazitaki kuvurugwa. Pandeni palipokuwa na mikoko ikakatwa, ambapo visiki bado vinaonekana. Waulizeni wavuvi wazee. Watawaonyesha kwa kidole. Hao hao watawaambia siku ya bamvua na saa ya maji kupwa, maana mkifika maji yamejaa mtarudi na mbegu zenu mkononi.

Kabla ya yote, ruhusa. Mikoko ni msitu wa hifadhi, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Andikeni barua kupitia mkuu wa shule kwenda ofisi yao, nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia pwani ya mtaa wenu. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Mara nyingi maofisa wenyewe hufurahi kuja kuwaelekeza.

Halafu jambo ambalo klabu nyingi hazifanyi: rudini mkahesabu. Mwezi mmoja baadaye, na mwezi wa tatu. Kila mche uliokufa andikeni umekufaje. Umegugunwa na kaa? Umelazwa na wimbi? Umeliwa na mbuzi? Hilo daftari lina thamani kuliko fulana zozote mtakazochapisha, na nawasihi msianze na fulana. Likiwa na kurasa za miezi mitatu, mpelekeeni mwalimu mnayemtaka awe mlezi. Kuna mashindano ya Young Scientists Tanzania ambapo wanafunzi wa sekondari hupeleka utafiti wao wenyewe, na utafiti wa sababu zinazoua miche ya mikoko ufukweni kwenu hauna wa kuwaibia. Nyie ndio mlioko hapo.

*Mwalimu, kijana wangu ni kidato cha tatu. Mjomba wake anaishi viungani mwa Washington, upande wa Maryland, anasema huko mtoto asiye na klabu hapati chuo kikuu, na watoto wake wako klabu nne nne. Nimlazimishe wangu ajiunge na chochote?*
Baba wa Chumbageni

Usimlazimishe, baba. Vyuo vyetu huangalia matokeo ya mtihani na sifa za kujiunga zinazosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kwa njia ya kawaida hakuna atakayemuuliza alikuwa skauti au la.

Mjomba naye hakosei kwa huko aliko. Fomu ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, Common Application, ina nafasi za shughuli 10, kila moja maelezo ya herufi 150 tu. Lakini 10 ni ukomo, si sharti. Na kuna kitu wazazi wengi hawakijui: katika orodha ya aina za shughuli, majukumu ya nyumbani yamo, na kazi ya kipato imo. Kijana anayewalea wadogo zake au anayekaa dukani na babake kila jioni ana cha kuandika hapo, tena cha kweli.

Kitu ninachokitamani kutoka viunga hivyo si wingi wa klabu zao. Ni basi. Shule nyingi za huko zina basi la pili linaloondoka jioni, kwa ajili ya waliobaki kwenye klabu na michezo, ili asiye na mzazi mwenye gari naye abaki. Sisi basi hilo hatuna, na konda wetu akiona sare anafunga mlango. Ndiyo maana nashikilia klabu ziwe ndani ya ratiba.

Kijana wako mwache achague kimoja. Akipenda mpira, kuna UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, inayoanzia shuleni, ikapanda wilaya na mkoa mpaka taifa. Akipenda huduma ya kwanza, kuna Msalaba Mwekundu. Akae humo miaka miwili, ashike kazi fulani, awe mtunza hazina au mtunza vifaa. Ikitokea siku ya kujaza fomu za nje, mstari mmoja wa namna hiyo una uzito.

*Shikamoo Mwalimu. Napenda sana debate lakini kwetu ni Kiingereza tu, na mimi nimetoka shule ya msingi ya Kiswahili. Nilisimama mara moja, nikakosea, ukumbi mzima ukacheka. Sijarudi tena.*
Kidato cha kwanza, Pongwe

Marahaba mwanangu. Kuchekwa kunauma, na kosa ni la mwenyekiti aliyeacha ukumbi ucheke. Mwenyekiti ana kengele mezani. Kazi yake ya kwanza ni kumlinda anayezungumza. Mlezi wenu akisoma hapa, naomba aweke kanuni: atakayemcheka msemaji anatoka nje, awe kidato cha kwanza au kaka mkuu.

Naomba pia wiki moja mdahalo uwe wa Kiingereza, wiki inayofuata wa Kiswahili. Najua hoja ya kuupinga mpango huo, kwamba mtihani ni wa Kiingereza. Mtoto hujifunza kwanza kujenga hoja, na hoja hujengwa kwa lugha anayoota nayo. Akishaijua njia, Kiingereza kitamkuta kasimama. Nimewafundisha wengi kwa mtindo huo na siuachi.

Kwa upande wako, rudi kwa mlango mwingine. Omba kuwa mtunza muda. Utakaa mbele, utasikia sentensi zote nzuri, na unachotakiwa kusema ni maneno mawili au matatu: dakika moja imebaki, muda umekwisha. Nunua daftari dogo, kila mdahalo uandike sentensi tatu za Kiingereza ulizozipenda, kama zilivyosemwa. Nyumbani zisome kwa sauti, usione haya kama wadogo zako wanakusikia. Baada ya mwezi, ukumbi ukifunguliwa kwa maswali, simama uulize swali moja ulilolikariri. Moja tu, ukae. Wiki inayofuata, lingine. Hotuba ya dakika 5 iache mpaka muhula wa pili.

Na ukipata mwenzako mmoja aliyetoka shule ya Kiswahili kama wewe, muende wawili.