Seli hufa, hufariki au hujiua?

Swali: Ninafasiri muhtasari wa utafiti wa kitabibu. Kichwa nimekiandika hivi: "Viashiria vya vifo vya seli katika maji ya uti wa mgongo baada ya majeraha makali ya ubongo." Mwenzangu anasema "kufariki" kuna adabu zaidi, na kwingine nimeona "seli kujiua". Lipi sahihi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Kufariki tuwaachie watu. Hiyo ni tafsida, na hata ng'ombe hafariki, sembuse seli. Seli hufa, basi.

Lakini "vifo" nalo silipendi hapa. Wingi huo ni wa kuhesabia: vifo vya wajawazito, vifo vya ajali. Watafiti hawa hawahesabu marehemu, wanafuatilia jambo linaloendelea kwa saa na siku kadhaa baada ya ubongo kuumia. Jambo la namna hiyo tunalitaja kwa kitenzi: kuoza kwa meno, kukauka kwa mito, kufa kwa seli.

"Kujiua" ndilo lenye madhara. Mwaka 1972 Kerr, Wyllie na Currie waliita apoptosisi ile hali ya seli kujimaliza kwa utaratibu wake wa ndani, tofauti na seli inayopasuka kwa kipigo au kwa kukosa damu. Jina walilitoa kwenye Kigiriki, neno la majani kupukutika. Hakuna kujinyonga humo. Nasi tuna kitenzi kinachokaribia: kujifia. Kuku akikutwa amekufa bandani, hakuchinjwa wala hakung'atwa, tunasema amejifia. Kwa hiyo seli hujifia, na zile nyingine hufa kwa kudhurika.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha utafiti wenyewe. Seli za neva zina protini iitwayo spektrini. Ikikatwa na kimeng'enya kaspasi-3 hubaki kipande cha kilodaltoni 120 (kipimo cha uzito wa molekuli), ishara ya seli kujifia. Ikikatwa na kimeng'enya kingine, kalpaini, hubaki vipande vya 150 na 145, ambavyo huelekeza zaidi kwa seli zilizokufa kwa kudhurika. Ukiziita zote "seli zilizojiua" umeshavuruga matokeo kabla msomaji hajafika kwenye jedwali.

Sasa huo uti wa mgongo. Tumeuzoea kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo, na kwa maji yanayochotwa kiunoni kwa sindano hauna ubaya. Lakini majeruhi mahututi, yaani wenye alama 8 kushuka chini kwenye kipimo cha Glasgow cha kupima fahamu, kinachoanzia 3 hadi 15, kwa kawaida hawachomwi sindano hiyo. Shinikizo likiwa juu ndani ya fuvu, kutoa maji mgongoni kunaweza kuufanya ubongo usukumwe kwenda chini. Maji yao hukingwa kwenye mrija uliopenyezwa fuvuni hadi ndani ya ventrikali za ubongo, yaani mashimo yake yenye maji hayo, mrija ambao kazi yake ya kwanza ni kupunguza shinikizo hilo. Andika "ugiligili wa ubongo na uti wa mgongo" mara ya kwanza, kisha "ugiligili" peke yake. Usithubutu "maji kichwani"; huo watu wanaujua kama ugonjwa wa watoto wanaovimba kichwa.

"Jeraha" pia lina walakini. Wengi wakilisikia huona ngozi iliyochanika na damu, ilhali ubongo waweza kuharibika vibaya na ngozi isichubuke. Sema ubongo umeumia.

Viashiria nakuachia. Wapo watakaokudai "viashirio", lakini ripoti zetu zimeshaamua kwa wingi wa matumizi. Ila usibadilishe kuwa "dalili", kwani dalili huonekana kwa mgonjwa kitandani, na hivi hupimwa maabara.

Ningeandika: "Viashiria vya kufa kwa seli katika ugiligili wa ubongo na uti wa mgongo baada ya ubongo kuumia vibaya." Ni kirefu, najua. Mhariri akilia na nafasi, mruhusu akate "na uti wa mgongo", asiguse "kufa kwa seli".