Kunusurika si Kutoroka: Maneno ya Kiingereza ya Kukimbia na Kuondokana na Jambo

Kiangazi kimoja alikuja nyumbani kwangu Nkuhungu dereva wa lori, mtu mzima, akiwa na karatasi mbili alizoziandika kwa mkono. Lori lake lilikuwa limepinduka kwenye barabara ya Manyoni likiwa na shehena ya alizeti, yeye akatoka na mchubuko wa kiwiko tu, na ofisi iliyomwajiri ilitaka maelezo yake kwa Kiingereza. Katika ukurasa wa pili alikuwa ameandika: "Namshukuru Mungu nilinusurika hapo eneo la ajali." Nilitafsiri bila kusita: "Thank God I escaped from the scene of the accident." Baada ya wiki mbili alirudi, akakaa kwenye kigoda bila kuvua kofia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wananiuliza kwa nini nilikimbia."

Kosa lilikuwa langu, na lilimgharimu mtu asiye na hatia wiki mbili za kukaa bila kazi. Nimeandika makala haya kwa ajili ya vijana wanaotafsiri barua, taarifa na maombi ya kazi hapa Dodoma, ili mtu mwingine asiumie kwa sababu kama hiyo.

Tatizo lilianzia kwenye Kiswahili chenyewe, kwa sababu lugha yetu huweka hukumu ndani ya kitenzi. Ukisema mtu ametoroka, umekwisha kumlaumu. Ukisema amenusurika au amesalimika, umemhurumia. Ukisema amejinasua, umemsifu kwa juhudi zake. Na ukisema amekwepa, msikilizaji anasubiri kujua alikwepa ngumi au alikwepa wajibu. Kiingereza kina neno moja, "escape", linaloweza kubeba karibu yote hayo, na kinachoamua maana ni kile kinachofuata baada yake. Likifuatwa na "from" pamoja na mahali, kama gereza, kambi au eneo la tukio, msomaji huona mtu aliyeondoka mahali alipotakiwa kubaki au alipokuwa ameshikiliwa. Likifuatwa moja kwa moja na jina la balaa, bila "from", kama katika "escape death" au "escape injury", maana yake ni kwamba balaa lilikuja na halikumpata. Kwa dereva yule nilipaswa kuandika "I escaped unhurt" au "I survived the accident". Kama ningetaka kuonyesha kwamba aliponea chupuchupu, "I had a narrow escape" lingetosha.

Wataalamu wa asili ya maneno hueleza kwamba "escape" lilipita katika Kifaransa cha kale kutoka kwenye Kilatini, likiwa na maana ya kutoka ndani ya joho, yaani kumwachia anayekukamata vazi lako mkononi na wewe kwenda zako. Anayemkumbuka Yusufu alivyoliacha vazi lake mikononi mwa mke wa Potifa ataipata picha hiyo mara moja, na ataona pia kwamba anayekimbia si lazima awe na hatia. Ndiyo maana neno lenyewe halilaumu wala halisifu, na mwandishi anapaswa kuuonyesha msimamo wake kwa maneno mengine ya sentensi.

Lawama ikihitajika, yapo maneno yanayoibeba. Mfanyakazi aliyetoroka kazini bila ruhusa huandikiwa "absconded", neno zito ambalo sishauri mtu alitumie kwa mwenzake aliyechelewa siku moja tu. Mtoto aliyetoroka nyumbani, "ran away". Wachumba waliotoroshana wakaoane, "eloped". Watu waliokimbia vita au mafuriko, "fled", na hapo hakuna lawama hata kidogo.

Kundi linalonipa wasiwasi zaidi ni la "get rid of", kwa sababu wanafunzi wangu hulitumia kwa kila kitu kinachoondoka. Sehemu ya "rid" inatokana na neno la watu wa kaskazini mwa Ulaya lililohusu kusafisha ardhi, kama mkulima wa Mpunguzi anavyofyeka vichaka kabla ya kupanda miche ya zabibu. Kinachofyekwa ni kile kisichotakiwa. Kwa hiyo panya, magugu, kikohozi na harufu mbaya jikoni vyote vinafaa kwa "get rid of". Binadamu hafai, isipokuwa unakusudia kumtukana. Niliwahi kusahihisha barua ya kikundi cha wakulima kilichotaka kumweleza mgeni kwamba kilikuwa kimemuaga mwenyekiti wake mstaafu kwa heshima na kumzawadia mbuzi; mwandishi alikuwa ameweka "we got rid of our chairman". Mgeni angeelewa kwamba mzee yule alikuwa mzigo na kwamba kikundi kilifurahi kuutua. Nilimwambia mwandishi aweke "we said farewell to our chairman", na nilimsomea sentensi zote mbili kwa Kiswahili ili azipime mwenyewe kwa sikio lake.

Taka za hospitali au dawa zilizoisha muda huandikwa "dispose of". Sigara na pombe mtu huviacha kwa "give up". Mafua yanayong'ang'ania, au mtu anayekufuata nyuma, unamtikisa kwa "shake off". Deni lisilolipika hufutwa kwa "write off", na mradi ulioshindikana huachwa kwa "abandon". Kwa hayo mawili ya mwisho tunao mfano karibu kabisa: mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951 baada ya ardhi ngumu na uhaba wa mvua kuushinda. Kijana anayesoma habari za Kongwa kwa Kiingereza atayakuta maneno haya mahali pake.

Kwa wanaoandika mambo ya kodi na sheria, tofauti ya "evade" na "avoid" haina mzaha. "Tax evasion" ni kukwepa kodi kwa kuficha au kudanganya, nalo ni kosa la jinai. "Tax avoidance" ni kupunguza kodi kwa njia ambazo sheria haijazikataza. Ukimwandikia mfanyabiashara la kwanza ukikusudia la pili, umemshitaki.

"Get away with" nalo lina mtego. "He got away with the money" ni kwamba aliondoka na fedha. "He got away with it" ni kwamba alifanya ubaya na hakuadhibiwa, hata kama hakubeba chochote.

Njia iliyonisaidia baada ya mkasa wa dereva ni hii. Ninaandika sentensi nzima ya Kiingereza katika daftari, naiacha ilale usiku mmoja, kisha asubuhi nairudisha katika Kiswahili bila kuangalia maandishi ya awali. "Alinusurika" likirudi likiwa "alitoroka", naifuta na kuanza upya. Ndivyo nilivyofanya kwa barua ya pili ya dereva yule, ambayo niliisoma mara tatu mbele yake, naye akaikunja na kuiweka mfuko wa shati.

Yapo pia matumizi ambayo hayahitaji tahadhari hata kidogo. Mwingereza akilisahau jina lako husema "your name escapes me", yaani jina ndilo lililomkimbia. Sisi husema "jina lako limenitoka". Hapo unaweza kutafsiri moja kwa moja.