Bampa limepondeka: thadi pati hailipi

Ndugu uliyegongana na taksi Jinja Road, stika ya thadi pati, yaani bima ya lazima ya gari hapa Uganda, hufidia mtu aliyeumia au kufa tu. Bampa na taa, zako au zake, haizigusi. Kama una bima kubwa, ile inayolipia pia gari lako, usikimbilie gereji: kampuni humtuma mkaguzi wake kabla ya matengenezo, na bodi ikishanyooshwa ushahidi umekwenda. Piga picha magari yalivyokaa na namba zote mbili, chukua ripoti ya polisi, kisha iarifu kampuni kwa maandishi siku hiyohiyo. Tafadhali, usikiri kosa wala kuahidi pesa barabarani. Mikataba mingi hukataza, na dai linaweza kukataliwa. Linganisha pia gharama na kile kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe: mkwaruzo mdogo mara nyingi haukifikii.